Mgongo Ulivyolazwa, Mgongo Ulivyoinuliwa

Mwaka 1862, huko Luxor nchini Misri, Mmarekani mmoja aliyeitwa Edwin Smith alinunua gombo la mafunjo lililonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo. Ndani yake mna wagonjwa 48, wamepangwa kuanzia kichwani kuteremka chini. Wa mwisho ameteguka pingili za mgongo. Tabibu anaelekezwa amwambie anyooshe miguu kisha aikunje, aone kama anaumia. Halafu amlaze chali, amfanyie… Hapo mnakili aliweka kalamu chini, sentensi ikiwa nusu. Mgonjwa wa 48 amebaki chali tangu siku hiyo.

Wenzake wa karne zilizofuata hawakupata nafasi ya kulala. Kwa mkulima, mfumaji au mpagazi wa misafara ya pwani yetu, aliyebeba karibu frasila mbili kutoka bara hadi Bagamoyo, kiuno kuuma kulihesabiwa pamoja na uchovu na uzee. Mtu alichuliwa, aliumikwa, akafungwa kitambaa kiunoni, kesho yake akarudi shambani au njiani. Alipokosekana kazini, hakuna aliyemlipa.

Miongoni mwa matabibu wa kwanza kulitazama jambo hili kwa jicho la kazi alikuwa Bernardino Ramazzini wa Italia. Katika kitabu chake cha mwaka 1700 kuhusu magonjwa ya wafanyakazi aliwatengea wachukuzi sura yao, akawahimiza matabibu waongeze swali moja wanapomhoji mgonjwa: unafanya kazi gani? Swali lilikuwa jepesi, lakini kwa habari ya mgongo lilikaa karibu miaka mia tatu bila kutiliwa maanani.

Kilicholisukuma pembeni ni gari moshi. Treni zilipoanza kugongana Uingereza, abiria walishuka bila mfupa uliovunjika, kisha wakalalamika maumivu ya mgongo kwa miezi. Mwaka 1866 daktari John Eric Erichsen wa London alichapisha mihadhara iliyodai kwamba mtikisiko peke yake waweza kuuharibu uti wa mgongo. Mawakili wakaingia. Ujerumani ikapitisha sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, na Uingereza sheria ya fidia mwaka 1897. Zilikuwa sheria za haki, maana zilimwokoa kibarua asitupwe kama jembe lililokatika mpini. Lakini zilileta mtego: ili alipwe, mtu alipaswa kuendelea kuonyesha kwamba hawezi.

Wakati huohuo kitanda kiligeuka dawa. John Hilton wa London na Hugh Owen Thomas wa Liverpool walihubiri mapumziko kama tiba ya mifupa na viungo. Kwa mguu uliovunjika walikuwa na hoja, ila tiba ile ikahamishiwa kwenye kiuno. Mwaka 1934, William Mixter na Joseph Barr wa Boston wakaeleza jinsi diski iliyopasuka inavyobana neva. Ugunduzi ulikuwa wa kweli, na kwa wagonjwa kadhaa upasuaji ulikuwa mkombozi. Tatizo ni kwamba kila kiuno kilianza kutafutiwa diski. Aliyekosa kisu alipewa godoro gumu na wiki kadhaa za kulala, na kadiri misuli ilivyolegea ndivyo hofu ya kuinama ilivyokomaa.

Mwaka 1947 Richard Asher wa London alionya kuhusu hatari za kulaza wagonjwa ovyo. Ushahidi kuhusu mgongo wenyewe ulikuja baadaye. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake, Texas, waliwagawa wagonjwa 203: wengine walale siku mbili, wengine saba. Waliolala siku mbili walikosa kazi siku chache zaidi, pungufu kwa asilimia 45. Mwaka 1995, wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki walipolinganishwa, walioambiwa waendelee na shughuli zao kadiri wanavyoweza walipona vizuri kuliko waliolazwa, na hata kuliko waliopewa mazoezi maalumu ya mgongo. Katikati ya hapo, mwaka 1994, picha za MRI za watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo zilionyesha kwamba zaidi ya nusu walikuwa na angalau diski moja iliyotuna. Si kwamba picha haina kazi. Uvimbe, usaha au neva iliyobanwa sana huhitaji daktari haraka. Lakini kwa walio wengi, picha haikueleza kwa nini huyu anarudi kazini na yule harudi.

Hao wasiorudi, wenye maumivu sugu, walihitaji njia nyingine. Wilbert Fordyce wa Seattle aliwafanyisha mazoezi kwa idadi iliyopangwa, si hadi maumivu yawasimamishe. Tom Mayer na Robert Gatchel wa Dallas waliunganisha mazoezi ya nguvu, ushauri wa kisaikolojia na maandalizi ya kazi. Taarifa yao ya mwaka 1987 ilisema asilimia 87 ya waliopitia mpango huo walikuwa kazini baada ya miaka miwili, dhidi ya asilimia 41 ya kundi la kulinganishia. Huko Göteborg, Uswidi, kwa wafanyakazi wa Volvo, mtaalamu wa fiziotherapia alitoka kliniki akaenda kiwandani kuiona kazi yenyewe. Na Quebec, katika utafiti wa Patrick Loisel na wenzake wa mwaka 1997, mfanyakazi, msimamizi na wataalamu walikaa pamoja kurekebisha kazi huku matibabu yakiendelea. Waliopata huduma zote mbili walirudi kwenye kazi yao ya kawaida mara 2.4 kwa kasi zaidi ya waliotibiwa kwa mazoea. Swali la Ramazzini lilikuwa limerudi, safari hii likiulizwa mlangoni mwa kiwanda.

Kwetu, Kenya ilipitisha sheria mpya ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na neno utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa shughuli zake, limeingia katika lugha ya hospitali. Hata hivyo mfanyakazi mwenye mkataba bado hupewa ED, yaani karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, ya wiki mbili, kisha hurudi kwenye mzigo uleule. Mchukuzi wa sokoni hana hata karatasi hiyo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55; gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, huzidi kilo 100. Akiumia, atachuliwa, atameza vidonge, na huenda akaelekezwa mazoezi mazuri kabisa. Daktari amemwuliza anafanya kazi gani, naye amejibu. Lililobaki linamhusu mwenye gunia: Jumatatu alfajiri, nani atalipunguza?