Pikipiki kuukuu: soma chuma, usisome tangi

Wadau, huku Kitui na Makueni stika za tangi hubadilishwa kama shati. Mimi huanza na injini.

Ukikuta 156FMI, isome kama programu: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, I ni kundi la cc 125. Ikiwa 162FMJ, hiyo ni cc 150. Ni alama za Kichina, na nyingi zilifuata muundo wa Honda CG125 ya 1976. Zilifurika baada ya serikali kuondoa VAT mwaka 2008 kwa pikipiki za chini ya cc 250. Kabla ya hapo, afisa wa kilimo alikuja na Yamaha AG100, ile inayounguza oili pamoja na petroli.

Kisha angalia namba ya fremu, shingoni. Kwenye namba ya herufi 17, L mwanzoni ni China, MD ni India. Kwa za Kichina, ya kumi ndiyo mwaka: 9 ni 2009, A ni 2010, B ni 2011.

Ukiambiwa ni ya 2014 na ya kumi ni A, unauziwa miaka minne hewa. Funga pochi, ndugu yangu.