Kasindi–Mpondwe: mpaka iko wazi, lakini basi haikungojei

Msafiri anayetoka Butembo ao Beni kwenda Kampala anapita Kasindi, ku daraja ya mto Lubiriha. Ngambo ni Mpondwe, wilaya ya Kasese, Uganda. Tangu mwanzo wa 2024 Mukongomani haombwi tena viza ya Uganda. Kongo nayo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ndiyo maana watu wanasema mpaka iko wazi. Bariera inafunguka, ni kweli, lakini ukaguzi haujaondoka, na hapo ndipo wengi wanakosea.

Hata kama tiketi yako imeandikwa Kampala, hauvuki ukiwa umekaa ndani ya basi. Kila mtu anashuka. Shofere anapeleka gari kwa duane, wasafiri wanaenda kwa mguu: kwanza DGM kwa kashe ya kutoka, kisha daraja, kisha uhamiaji wa Uganda kwa kashe ya kuingia. Kashe ya kutoka ndiyo watu wanairuka, sababu foleni ni ndefu na kuna kijana wa pikipiki anayesema atakuvusha mbio. Kwenda, pengine utapita. Shida iko ku kurudi: pasipoti haionyeshi ulitokea wapi wala siku gani. Unaanza kujieleza, na kujieleza ku mpaka kunakula feza.

Wakaaji wa Kasindi wanaenda soko la Mpondwe na kurudi mangaribi na kikaratasi cha siku. Kile hakifiki Kampala. Karte ya mchaguzi si hati ya safari. Na karatasi ya CEPGL, watu wa Goma na Bukavu wanaijua, ni ya Kongo, Rwanda na Burundi tu, Uganda haimo. Kwa safari ndefu, chukua pasipoti. Mtoto awe na hati yake, na ruhusa ya maandishi ya mzazi aliyebaki.

Usisahau karte ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano inahesabika siku 10 kisha kuchomwa, kwa hiyo usiingoje mpaka siku ya safari. Tangu 2016 karte ni ya maisha yote. Akikuambia mtu kwamba imepita miaka 10 na imekufa, hiyo ni sheria ya zamani. Ukiombwa kunawa mikono na kupimwa joto, kubali bila kununa: Juni 2019 Ebola ilivuka hapa hadi Kasese.

Saa nayo inabadilika. Ikiwa saa 12 ya asubui Kasindi, Mpondwe ni saa 1. Mwenye kupanda basi ya Uganda ya saa 1 na anafuata saa ya Beni, atakuta parkingi tupu. Gari pia zinageuka: kwetu zinapita kuume, kule kushoto. Ukitoka ku daraja, angalia kuume kwanza.

Mbele ya kushuka, andika namba ya plake ya basi na uulize itasimama wapi kisha duane. Feza na hati zikae mwilini, si ndani ya sakosho iliyobaki juu ya gari. Badilisha shilingi kidogo tu pale, na uzihesabu mwenyewe mbele ya kutoa dola yako. Kampala ingali mbali, zaidi ya kilometa 400.