Jina na Chuma: Hatima ya Vichwa vya Garimoshi vya Afrika Mashariki

Msafiri anayetoka Mikumi kwenda Kidatu husindikizwa na milima ya Vidunda upande wa magharibi. Katika bonde lililo chini yake imelala reli itokayo Kilosa, iliyofika Kidatu katika miaka ya 1960. Nilipokuwa mtoto nilidhani kuwa garimoshi ni mali ya milima hiyo, maana mlio wake ulisikika ukirudi kutoka huko kabla lenyewe halijaonekana. Katika mhadhara huu nauliza swali dogo: vichwa vile vya mvuke vilikwenda wapi baada ya wenyewe kuviacha? Swali ni la mwanahistoria, lakini nitalijibu kwa njia ya mwanaisimu, kwa kuwa nimeona kwamba jina na chuma havikufa kifo kimoja.

Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na desturi ya kuvipa vichwa majina. Vile 34 vya kundi la 59, vilivyotengenezwa na Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na uzito wa takriban tani 252, vilipewa majina ya milima. Vingine, vidogo kuliko hivyo, vilipewa majina ya makabila. Kimoja kiliandikwa “Masai of Kenya”, cha pili “Bavuma”, cha tatu “Nyaturu”. Kwa mwanafunzi wa mofolojia, vibao hivyo vitatu ni somo kamili. Watu wa visiwa vya Buvuma wamebakiziwa kiambishi chao cha ngeli, Wanyaturu wamenyang’anywa cha kwao, na Wamaasai wamefungiwa ndani ya nchi moja ilhali nusu ya habari zao ziko Tanganyika. Tena hao walioitwa Nyaturu wenyewe hujiita Arimi, na lugha yao Kirimi. Sidhani kama kuna karani aliyewauliza.

Injini za dizeli zilipotwaa kazi, na Shirika lenyewe lilipovunjika mwaka 1977, vyombo hivi viligeuka mzigo. Kichwa cha mvuke kisicho na kazi hakina mnunuzi ila yule anayekipima kwa uzito. Hukatwa kwa gesi, shaba ikatengwa na chuma, vipande vikapelekwa kuyeyushwa. Kati ya vile 34 vya kundi la 59 vimesalia viwili tu: namba 5918, “Mount Gelai”, na namba 5930, “Mount Shengena”. Vyote viwili vimo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Gelai iko karibu na Ziwa Natron na Shengena iko Upare, yaani milima yote miwili ni ya Tanzania. “Nyaturu”, namba 3020, naye yuko huko huko. Kwa hiyo mwanafunzi wa Singida anayetaka kuona jina la kabila lake juu ya chuma hana budi kuvuka mpaka.

Lakini vibao vya majina vilikuwa na njia yao. Vilifunguliwa kabla mwili haujakatwa, na baadhi vimekuwa vikiuzwa kwenye minada ya Uingereza kwa wapenzi wa reli za zamani. Mkusanyaji hununua jina la mlima ambao huenda hajauona, akalitundika ukutani. Akifa, warithi hulirudisha mnadani. Chuma kilichobeba jina hilo kilikwisha kuwa nondo au sufuria. Katika taaluma yetu tumezoea kusema kuwa jina halitenganishiki na kirejelewa chake ila katika fikra. Hapa lilitenganishwa kwa spana.

Jina la jumla nalo lilishika njia nyingine. “Gari” tulilipokea kutoka Bara Hindi. Tukaliongezea moshi, likawa “gari la moshi”, kisha kiunganishi kikadondoka tukapata “garimoshi”. “Behewa”, ambalo hapo kale lilihusu sehemu ya ndani ya nyumba kubwa ya mawe, likapewa magurudumu. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Kilosa ikielekea Dodoma, haina moshi hata kidogo, na bado wazee wanaiita garimoshi. Vijana husema treni, kama matangazo ya stesheni yanavyosema.

Kilichopotea kabisa ni majina ya sehemu za ndani: mikono, vali na mifuniko ambayo mafundi na wachocheaji waliyataja kila siku kwa Kiswahili chao, pengine na kwa Chividunda, bila mtu kuyaandika. Hayakuwa na kibao cha kufungua, wala mnada wa kuyapokea. Miaka michache iliyopita nilimwuliza mstaafu mmoja wa reli huko Kidodi walikiitaje kile chombo cha kupunguza mvuke. Alinyamaza, akainua mkono wake wa kulia, akauzungusha hewani taratibu, mara mbili, kwa kipimo kile kile cha zamani. Neno halikuja.