"Ile hela tuma kwenye namba hii": kosa lenye sheria tangu 1945

Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za miaka ya karibuni zimeutaja mkoa wa Rukwa, sambamba na Morogoro, miongoni mwa vinara wa majaribio ya utapeli wa simu. Uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa, uliozoeleka kwa mahindi yake, umepata sifa usiyoiomba. Wengi husema sheria imeachwa nyuma na teknolojia. Historia haikubali. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1945, enzi za Mwingereza, ilikwishakataza kujipatia mali kwa udanganyifu, uwe wa maneno, maandishi au mwenendo. Ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" unaingia humo bila kusukumwa.

Kilichokosekana ni ushahidi. Mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Jaji Nsekela alikubali karatasi zilizochapwa na kompyuta zihesabiwe kuwa kitabu cha benki. Hiyo ilikuwa kesi ya madai. Kesi za jinai zilisubiri marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2007. Mwaka uliofuata M-Pesa ikaingia nchini. Sheria ya mawasiliano ya 2010 ikadai laini zisajiliwe, na 2019 zikaja alama za vidole. Hatua hizo kavu, ambazo hakuna aliyeziandamania, ndizo zilizompa mwendesha mashtaka wa Sumbawanga, mkoani Rukwa, kumbukumbu ya muamala na jina lililo nyuma ya namba.

Watetezi wa Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 2015, watasema kudukua kompyuta kulihitaji kifungu chake. Ni kweli. Ila sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 16, iliziwekea taarifa za uongo kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi milioni tano, na kalamu ya Bunge ikatoka kwa tapeli ikaenda kwa msemaji. Wengine watauliza: kama vidole vinatosha, mbona Laela, hukohuko Rukwa, bado inatajwa kwa utapeli? Kwa sababu anayeambiwa na wakala wa usajili wa laini arudie kidole, eti mashine haikusoma, huenda akaacha laini ya pili nyuma yake, na upelelezi ukaishia kwa bibi asiyejua lolote. Pengo hilo liko chini ya mwavuli wa wakala, na kuongeza miaka ya kifungo hakulizibi. Kupiga *106# humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, lakini hapo mzigo wa kukagua anaubeba mwenye kidole, si aliyekipokea.