Kuta Zilipimwa Kwanza, Wazee Baadaye

Februari 17, 1957, moto ulizuka katika makao ya wazee ya Katie Jane mjini Warrenton, jimbo la Missouri, Marekani. Jengo lilikuwa la chuo cha zamani, na ndani yake waliishi wazee zaidi ya 150. Walikufa 72. Miaka sita baadaye, alfajiri ya Novemba 23, 1963, wengine 63 waliteketea katika makao ya Golden Age huko Fitchville, Ohio. Msiba huo ungeitikisa nchi nzima, lakini Rais Kennedy alikuwa ameuawa mchana wa jana yake, na magazeti hayakuwa na nafasi kubwa kwa habari nyingine.

Makao ya aina hiyo yalizaliwa na sheria iliyokuwa na nia njema. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 ilianza kuwapa posho wazee maskini, ila ikawanyima waliokuwa wakiishi katika nyumba za maskini za umma. Nyumba hizo zilichukiwa, na walioitunga sheria walitaka zife. Zikaanza kufa kweli. Wazee waliokuwamo, wagonjwa na wasio na ndugu, walihitaji pa kulala, na watu binafsi wenye majengo makubwa wakawapokea mradi posho iwafikie. Mwaka 1950 serikali kuu ikayataka majimbo yawe na chombo cha kutoa leseni kwa makao hayo. Zilipokuja Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali kwa wazee na maskini, mwaka 1965, fedha zikamiminika, na biashara ikapanuka kuliko uwezo wa yeyote kuikagua.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa wa kuta na makaratasi. Mkaguzi alipima milango, akatazama jiko, akapekua kanuni za nyumba na orodha ya wauguzi wenye vyeti. Alitaka kujua kama nyumba ina uwezo wa kumtunza mtu. Kama inamtunza kweli, hilo halikuwa kwenye fomu yake. Na hata hizo kuta zilichukua muda mrefu. Ilibidi mwaka 2003 utokee moto katika makao ya Hartford na mwingine katika makao ya Nashville, ukafa umati mwingine wa wagonjwa, ndipo serikali kuu ilipoamuru kila nyumba iwe na vinyunyizio vya maji darini. Tarehe ya mwisho ya kutekeleza amri hiyo ilikuwa Agosti 2013, karibu miaka 50 baada ya Fitchville.

Swali la pili, lile la matunzo yenyewe, lililetwa na wakazi. Mwaka 1975 wakazi wa makao ya Colorado walikwenda mahakamani kudai kwamba serikali inayolipa gharama ina wajibu wa kujua inacholipia. Kesi ilikokotwa karibu muongo mzima. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa ikakubali: waziri wa afya ana wajibu wa kuhakikisha matunzo yanatolewa. Miaka miwili baadaye jopo la wataalamu wa Taasisi ya Tiba likaandika ripoti nzito, na Desemba 1987 Rais Reagan akatia saini sheria ya mageuzi ya makao ya wazee.

Sheria hiyo ndiyo iliyougeuza ukaguzi. Wakaguzi sasa hufika bila taarifa, na kati ya ukaguzi mmoja na mwingine haipaswi kupita miezi 15. Huzungumza na wakazi, hutazama chakula kikiliwa, huuliza kuhusu vidonda vya kulalia. Kumfunga mzee kwenye kiti au kitanda ili asisumbue, jambo lililokuwa la kawaida kabisa, kulikatazwa, na miaka iliyofuata desturi hiyo ilishuka mno. Wauguzi wasaidizi walitakiwa kupata mafunzo ya saa zisizopungua 75. Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi waliohamia Marekani wanaifahamu sehemu hiyo vizuri, kwani cheti cha mafunzo hayo kimewapa baadhi yao ajira ya kwanza.

Matokeo ya ukaguzi huandikwa kwenye fomu nambari 2567. Kushoto ni kosa, kulia ni jinsi nyumba itakavyolirekebisha. Mkazi hatajwi jina, anapewa nambari. Kila kosa hupewa herufi kuanzia A hadi L: kadiri herufi inavyosogea mbele ndivyo madhara yalivyo makubwa au yalivyoenea, na J, K na L maana yake maisha ya mtu yako hatarini. Nyumba inalazimika kuyaweka matokeo hayo mahali ambapo mgeni anaweza kuyasoma bila kuomba.

Fomu hizo ni kavu, na wachache huzisoma. Desemba 2008 serikali ikaanza kuipa kila nyumba nyota, moja hadi tano, na familia zikapumua. Zilipumua mapema. Kati ya sehemu tatu zinazounda nyota hizo, ni ukaguzi tu uliofanywa na watu wa nje. Idadi ya wauguzi na takwimu za afya zilipelekwa na nyumba zenyewe. Ulikuwa mtihani ambao mwanafunzi alijisahihishia sehemu mbili kati ya tatu. Tangu 2016 idadi ya wafanyakazi inatolewa kwenye orodha za mishahara, na orodha zilipofunguliwa ilionekana kwamba wikendi wauguzi hupungua waziwazi.

Hata hivyo nyota hazikukoma kudanganya. Mapema 2020 virusi vya korona viliua makumi ya watu waliohusiana na nyumba moja ya Kirkland, jimbo la Washington. Ilikuwa na nyota tano. Ripoti ya ukaguzi ya Aprili 2019, iliyokuwa wazi kwa yeyote, ilikuwa imeandika kosa lake katika kuzuia maambukizi.

Mei 2024 serikali kuu iliweka kiwango cha chini cha saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku. Vyama vya wenye makao vikashtaki, vikidai wauguzi hawapatikani na fedha hazitoshi, na Aprili 2025 jaji wa Texas akakitengua. Anayemtafutia mzazi wake nafasi leo itambidi aiache nyota, afungue fomu za miaka mitatu iliyopita atafute J, K na L, kisha aulize Jumamosi usiku kuna wauguzi wangapi.