Safari Rally: Tulale Nairobi ama Naivasha?

Hii tripu yetu ya Safari Rally bado tunaibishania: tulale Nairobi ama Naivasha? Wacha historia iamue.

Mashindano yalianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Magari yalikata Kenya, Uganda na Tanganyika kwa barabara za kawaida, kwa hivyo mtu wa kijijini alisimama tu kando ya njia akayaona yakipita. Na barabara zenyewe zilikuwa noma: 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7! Joginder Singh alishinda 1965, 1974 na 1976; Shekhar Mehta, mara tano.

Baada ya 2002 tukatolewa kwenye ubingwa wa dunia. Tuliporudi 2021, bendera ilipeperushwa Nairobi, lakini karibu vumbi lote lilikuwa Naivasha, kwenye njia zilizofungwa. Zamani rali ilikufuata kwenu. Siku hizi wewe ndiye unaifuata, tena kwa nauli yako.

Kura yangu basi: Nairobi tupite tu, tulale Naivasha. Mwenye hema ajitokeze mapema, maana bei ya vyumba mimi siiwezi.