Batri za magari ya umeme: kobalti ya Congo itahitajika mpaka lini?

Gari la umeme halinywi esansi wala mazutu. Linatembea kwa batri, na batri hiyo ndiyo inatuhusu sisi: zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka inchini mwetu, sanasana Lualaba na Haut-Katanga.

Kobalti inafanya kazi gani?

Katika batri za aina ya NMC (nikeli, manganezi na kobalti), kobalti inasaidia batri isiharibike haraka na isipate moto kupita kiasi. Shida ni bei yake. Ndiyo sababu viwanda vingi vimegeukia batri ya LFP, ya lithiamu, chuma na fosfati, isiyo na kobalti hata kidogo. Kwa uzito uleule inabeba umeme kidogo kuliko NMC, lakini ni ya bei rahisi. Mwaka 2024, karibu nusu ya batri za magari ya umeme duniani zilikuwa za LFP.

Serikali ilifanya nini?

Februari 2025, kobalti ikiwa imejaa sokoni na bei imeanguka, serikali ilisimamisha kuiuza inje. Katikati ya Oktoba mwaka uleule, ikaweka kota: tani 96.600 kwa mwaka 2026, na vilevile kwa 2027. Bei ilipanda. Ila kisu hiki kinakata pande mbili: kobalti ikiwa ghali sana, mwenye kiwanda anapata sababu zaidi ya kuiacha. Na bei ikianguka, wa kwanza kuumia ni mchimbaji wa mikono kule Kolwezi, anayelisha watoto kwa mfuko wa siku ileile.

Tunabaki na nini?

LFP nayo inahitaji lithiamu, na Manono, katika Tanganyika, iko na akiba kubwa sana. Tena, gari la umeme linatumia shaba nyingi kuliko la esansi.

Lakini kobalti yetu karibu yote inatoka ikiwa haijasafishwa mpaka mwisho. Sehemu kubwa inasafishwa China. Aprili 2022, Congo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza batri pamoja. Hapo ndipo pa kuangalia. Dini la leo linaweza kuachwa kesho, lakini inchi inayojua kutengeneza batri inaweza kubadili dini na kuendelea na kazi.